Nguru mmoja au fungu la vibua: Mets na Soto wao, Yankees na wanne wao

Anayenunua samaki Feri, Dar es Salaam, anaijua hesabu hii: hela uliyonayo uimalize kwa nguru mmoja, au uchukue fungu la vibua na chenji ibaki? Desemba 2024 timu mbili za besiboli za jiji moja, New York, zilisimama mbele ya meza ya namna hiyo. Mets waliondoka na nguru. Yankees waliondoka na fungu. Msimu mzima umeshachezwa tangu siku ile, kwa hiyo tunaweza kulinganisha kwa yaliyotokea uwanjani na kuachana na kelele za vijiweni.

Naandika kwa ajili ya yule ambaye kila msimu ukiisha anashinda kwenye simu akisoma tetesi za usajili, na hajui aombee nini: timu yake immwagie staa mmoja pesa zote, au izigawe kwa wengi? Niseme mapema kwamba bei sitaipa uzito ambao wengi wanaupa. Nitatazama umri wa staa, na nitatazama warushaji, wale wanaomrushia mpigaji wa timu pinzani mpira, waliopo nyumbani kabla hajaletwa.

Usajili wao haufanani na wetu

Shabiki wa Simba au Yanga akisikia usajili anafikiria dirisha linalofunguliwa na kufungwa. Besiboli ya Marekani haina dirisha la aina hiyo kwa wachezaji huru. World Series, yaani fainali ya ligi kuu, ikiisha, mchezaji aliyemaliza mkataba na mwenye miaka sita ya utumishi kwenye ligi kuu anakuwa huru. Anaweza kusaini Novemba, anaweza kusaini Januari, na wapo wanaosaini Machi kambi za mazoezi za Florida na Arizona zikiwa zimeshapamba moto. Ada ya uhamisho haipo. Ukimtaka mtu ambaye bado ana mkataba kwingine, unatoa watu: unampa mwenzako wachezaji wako, naye anakupa wake, pengine na fedha kidogo ya kusawazisha mizani.

Mishahara nayo haina kikomo, ina kodi. Wanaiita kodi ya anasa. Kwa mwaka 2025 kizingiti cha kwanza kilikuwa dola milioni 241 kwa kikosi kizima. Timu iliyovuka kizingiti miaka mitatu mfululizo, ikipita milioni 301, hutozwa asilimia 110 kwa kila dola ya juu ya hapo. Yaani kila dola moja ya mshahara inakutoka zaidi ya mbili. Ngazi hiyo ya juu mashabiki wameibatiza jina la Steve Cohen, mmiliki wa Mets, kwa sababu iliwekwa alipoingia na mifuko yake. Haikumtisha.

Nguru mwenyewe

Juan Soto alizaliwa Santo Domingo Oktoba 1998. Mwaka 2022 Washington Nationals walimwekea mezani dola milioni 440 kwa miaka 15, akakataa. Wapo waliotikisa kichwa. Nationals wakampeleka San Diego, na Desemba 2023 San Diego wakampeleka Yankees pamoja na Trent Grisham. Yankees walitoa wachezaji watano, akiwemo mrushaji mzuri Michael King, huku wakijua kabisa kwamba Soto amebakiza mwaka mmoja tu kwenye mkataba wake. Ni kama kukodi nyumba kwa kodi ya mwaka na kuacha makabati yako yote kwa mwenye nyumba.

Lakini mwaka wenyewe ulikuwaje! Homurani 41, ile mipira inayopigwa ikavuka ukuta. Mara 129 alipewa besi, vile vituo vinavyokimbiliwa uwanjani, bila kupiga mpira, maana warushaji walikuwa wanaogopa kumrushia mpira unaopigika, naye ana jicho kali na subira ya mvuvi wa mshipi. Oktoba 19, 2024, huko Cleveland, inningi ya kumi (inningi ni zamu ya kila timu kupiga, na kwa kawaida mechi ina tisa), alichezea mipira ya Hunter Gaddis mmoja baada ya mwingine mpaka akaupata aliokuwa anaungoja. Alama tatu kwa pigo moja, na Yankees wakaingia World Series kwa mara ya kwanza tangu 2009. Afrika Mashariki kulikuwa kumekucha tayari, na mimi nilikuwa sijalala.

Fainali waliipoteza kwa Dodgers, mechi nne kwa moja, na namna walivyoipoteza inahusika sana na ulinganisho huu. Mechi ya tano waliongoza 5–0. Kwenye inningi ya tano Aaron Judge, mpigaji wao nyota, akauangusha mpira ambao hata wa mtaani angeudaka, Anthony Volpe akarusha vibaya, kisha mrushaji Gerrit Cole hakukimbilia besi ya kwanza kuifunika. Dodgers wakapata alama tano bila jasho, na baadaye wakashinda 7–6. Soto hakuwa na kosa kwenye balaa lile. Ila lilionyesha kwamba Yankees walikuwa na tundu ambalo hakuna mpigaji wa kuliziba: walikuwa hawadaki na hawarushi kama timu ya ubingwa.

Desemba 8, 2024 ikatoka habari: Soto anakwenda Mets, miaka 15, dola milioni 765, na hakuna senti inayocheleweshwa kulipwa. Mkataba mkubwa kuliko wowote katika michezo ya timu. Na hapa tuwe wakweli, maana shabiki wa Yankees leo anapenda kujifanya alichagua fungu kwa hekima. Yankees walikuwa wameweka mezani milioni 760 kwa miaka 16. Walimtaka. Walimtaka kwa karibu pesa ileile. Waliponyimwa ndipo wakageukia vibua, na baadaye wakaanza wimbo wa sizitaki mbichi hizi.

Fungu, kimoja kimoja

Kilichofuata ndicho kinachonifanya nimheshimu Brian Cashman, meneja mkuu wa Yankees, mtu ambaye kwa kawaida simsifii. Hakukaa kulia. Ndani ya wiki mbili hivi alikuwa na majina manne.

Max Fried alikuja wa kwanza, siku mbili tu baada ya Soto kuondoka: mrushaji mwenye shoto kutoka Atlanta, miaka minane, dola milioni 218, mkataba mkubwa kuliko wote aliowahi kupewa mrushaji wa shoto. Alikuwa anakaribia miaka 31. Wapo walionung'unika kwamba warushaji wa umri huo ni mikono inayosubiri kuvunjika, na kwa jumla wanaosema hivyo hawakosei. Ila kibua hiki kilitoka kikubwa. Fried alishinda mechi 19 akapoteza tano, na wastani wake wa alama alizoruhusu kwa inningi tisa ulikuwa 2.86. Na kumbuka: Machi 2025, hata ligi haijaanza, Gerrit Cole alifanyiwa upasuaji wa kiwiko na msimu wake wote ukaisha pale. Bila Fried, Yankees wangeanza mwaka bila mrushaji namba moja kabisa. Nikiulizwa ni kitu gani kimoja kiliokoa msimu wao, mbali na Judge, nitakitaja hiki bila kufikiri.

Devin Williams alitoka Milwaukee Desemba 13. Huyu ni mrushaji wa kufunga mechi, yule anayeletwa inningi ya tisa ukiwa unaongoza kwa kidogo, na mpira wake wa kudanganya unapinda hewani kama umeitwa jina. Yankees walimtoa Nestor Cortes, kijana Caleb Durbin, na dola milioni mbili. Ndani ya fungu huyu ndiye kibua kilichowekwa chini kwa makusudi, unakigundua ukifika nyumbani. Kabla Aprili haijaisha alishapokonywa kazi ya kufunga, na msimu akaumaliza na wastani wa 4.79. Durbin huku Milwaukee akawa mchezaji wa kudumu wa besi ya tatu kwenye timu iliyoshinda mechi nyingi kuliko zote mwaka ule, 97. Biashara hii Yankees walipigwa.

Kitu kimoja walichopata kwa Williams ni ndevu. Tangu miaka ya 1970 mchezaji wa Yankees aliruhusiwa masharubu tu, kidevu kikiwa cheupe, amri ya marehemu George Steinbrenner. Williams alikuja na ndevu zake, na Februari 2025 mtoto wa marehemu, Hal, akaifuta sheria ya baba. Kwa dola milioni mbili na wachezaji wawili, ni kinyozi ghali.

Cody Bellinger, Desemba 17, karibu ni zawadi. Chicago Cubs walitaka kupunguza mzigo wa mishahara. Wakamtoa pamoja na milioni tano, wakachukua mrushaji mmoja wa akiba. Bellinger anacheza kona zote za nyuma, anacheza katikati, na besi ya kwanza pia anaiweza. Alipiga homurani 29 na kuleta alama 98. La maana zaidi kwangu: alikuwa anadaka. Na wa mwisho, Paul Goldschmidt, mzee wa miaka 37, mwaka mmoja kwa milioni 12.5, kulinda besi ya kwanza ileile ambayo Oktoba hakuna aliyeifunika. Alianza msimu kwa moto kisha akapoa, kama wazee wanavyofanya.

Kama ungetaka kuona fungu hili kwa picha moja, ingekuwa Machi 29, 2025, Yankee Stadium. Milwaukee walimleta Nestor Cortes, yuleyule waliyempata kwa Williams, arushe dhidi ya rafiki zake wa jana. Mpira wa kwanza: Goldschmidt, homurani. Wa pili: Bellinger, homurani. Wa tatu: Judge, homurani. Mipira mitatu, kuta tatu. Yankees waliimaliza siku na homurani tisa na ushindi wa 20–9. Mashabiki wakaanza kuimba kwamba Soto ni nani kwani. Ilikuwa mechi ya pili tu ya msimu.

Mezani, nguru na fungu pamoja

Twende kwenye namba ambayo watu wengi wanaianza nayo: ushindi. Mwaka 2024 wakiwa na Soto, Yankees walishinda mechi 94. Mwaka 2025 bila Soto walishinda 94. Mets bila Soto walishinda 89. Na Soto walishinda 83, wakakosa mtoano siku ya mwisho kabisa kwa kufungwa 4–0 huko Miami, huku Cincinnati waliolingana nao wakipita kwa rekodi ya walipokutana wenyewe kwa wenyewe.

Ukiishia hapo utasema nguru alikuwa ameoza. Hapana. Soto alipiga homurani 43, akaleta alama 105, akapata besi 127 za bure, na akaiba besi 38, yaani kukimbilia besi ya mbele bila kungoja mwenzake apige, jambo ambalo hakuna aliyelitegemea kwa mtu ambaye hakuwahi kusifiwa kwa mbio. Kwenye kura za mchezaji bora wa National League, moja ya nusu mbili za ligi kuu, alikuwa wa tatu. Mteja alipata samaki aliyemlipia.

Tatizo ni mchezo wenyewe. Katika soka ukiwa na mshambuliaji hatari unampa mpira kila mara, timu nzima inacheza kumtafuta. Besiboli hairuhusu. Wapigaji ni tisa, wanapanga foleni, na Soto akishapiga anarudi kukaa mpaka wenzake wanane wapite. Hata uwe na mpigaji wa dola bilioni, zamu yake ni moja kati ya tisa, na wakati timu inalinda hawezi kukurushia mpira. Mets katikati ya Juni walikuwa na rekodi bora kuliko timu yoyote ya ligi kuu, 45 kwa 24. Kisha mrushaji wao Kodai Senga akaumia msuli wa paja akikimbilia, amini usiamini, besi ya kwanza. Warushaji wengine nao wakafuatana kwenye orodha ya majeruhi au wakachoka, na nyumba ikaanza kuvuja upande ambao Soto hana ngazi ya kuufikia.

Kwa mwaka mmoja, basi, fungu lilishinda. Lakini hata lenyewe lina mpaka. Yankees waliwatoa Boston kwenye raundi ya kwanza, kisha Toronto wakawafunga mechi tatu kwa moja, na kwenye mechi ya pili ya mfululizo huo Fried, kibua chetu kikubwa, aliruhusu alama saba kabla hata hajamaliza inningi ya nne.

Sasa uongeze miaka. Hapa ndipo mizani inageuka, na ndipo wachambuzi wengi wanapokwenda haraka mno. Soto alisaini akiwa na miaka 26. Mpigaji wa umri huo ana miaka sita au saba ya ubora mbele yake, kwa kawaida. Mets wanalipia miaka 15, ndiyo, na ile ya mwisho atakuwa na miaka 40 akipokea mamilioni. Lakini miaka ya mwanzo wanayo mikononi. Yankees walinunua nini cha kudumu? Fried peke yake, na yeye alisaini akikaribia miaka 31. Goldschmidt alikuwa wa mwaka mmoja. Williams mkataba wake uliisha, na Desemba 2025 akasaini na nani? Mets, miaka mitatu, milioni 51. Bellinger alivunja mkataba kwa kipengele chake, akaingia sokoni, na Januari 2026 Yankees wakalazimika kumrudisha kwa miaka mitano na milioni 162.5. Kile kilichokuwa karibu zawadi sasa kina bei ya dukani.

Vibua ukivinunua leo, keshokutwa unarudi sokoni, na bei haikungoji.

Kuhusu tetesi zenyewe

Nitasema kidogo, kwa kuwa ndizo zinazotuumiza vichwa. Desemba 2022 mwandishi mmoja maarufu alitangaza kwamba "Arson Judge" anaelekea San Francisco; hata jina alikosea kwa haraka, na Judge akabaki Yankees kwa miaka tisa na milioni 360. Mwaka uliofuata dunia nzima ilifuatilia ndege iliyokwenda Toronto ikidaiwa kumbeba Shohei Ohtani. Ndani alikuwemo mfanyabiashara. Kesho yake Ohtani akajitangaza mwenyewe kuwa ni wa Dodgers. Wakala wa mchezaji ana faida timu tatu zikionekana zinamgombea, hata kama mbili zilipiga simu kuuliza hali tu. Tetesi isiyotaja miaka ya mkataba ni hewa. Ikishaanza kutaja miaka na vipengele vya kuvunja mkataba, fungua macho.

Wewe ungechukua nini?

Kama timu yako tayari ina mpigaji mmoja wa kutisha, na warushaji wake wamechoka au ni majeruhi, mimi nachukua fungu, na ndani ya fungu nahakikisha kinachobeba uzito ni mrushaji wa kuanza mechi. Hiyo ndiyo ilikuwa hali ya Yankees, waliokuwa na Judge aliyemaliza 2025 na wastani wa kupiga wa .331, homurani 53 na tuzo yake ya tatu ya mchezaji bora. Kwao dola inayofuata kwa mpigaji mwingine ilikuwa inanunua kidogo kuliko dola inayofuata kwa Fried. Ila fungu unalinunua ukijua kuna kimoja kibovu ndani, na usitoe kijana wako kama Durbin kwa ajili ya mrushaji mwenye mwaka mmoja wa mkataba.

Kama timu yako ni changa, mmiliki hana hofu ya kodi, na staa aliye sokoni hajafika miaka 28, mchukue nguru, hata ukiumia mwaka wa kwanza. Akishavuka 30, kwa miaka kumi na zaidi, mwache apite. Wapo watakaomchukua, na wewe utawacheka baadaye. Mets nadhani walifanya sawa kwa Soto na wakafanya vibaya kwa kila kilichomzunguka. Majira ya baridi yaliyofuata walimwacha mpigaji Pete Alonso aende Baltimore na mfunga mechi Edwin Díaz aende Dodgers, wakajaza nafasi kwa watu wengine, wakiwemo warushaji wawili wa akiba waliotoka Yankees. Hapo wamejiongezea vibua kando ya nguru.

Na wale wa Yankees ambao bado wanamzomea Soto kila akikanyaga Bronx, nyumbani kwao, kama walivyofanya Mei 2025 yeye akiwavulia kofia: mkataba wa Soto una kipengele cha kuondoka baada ya msimu wa 2029, akiwa na miaka 31. Mets wanaweza kumzuia kwa kuongeza milioni nne kwa kila mwaka wa ile kumi itakayobaki, na jumla ifike milioni 805. Wasipoongeza, nguru atarudi mezani.